Kanga ya Mama Mabegani kwa Mtani

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tano, watu wakiwa ndiyo wanaanza kuvuna uwele, nilishuka kwenye lori kijijini kwetu upande wa Mtera, nikaingia nyumbani kwa mama yangu mzazi bila kupiga hodi. Kabla jua halijapanda sawasawa nilikuwa nimefanya jambo ambalo hata leo naona aibu kulikumbuka. Kaa, mwanangu. Vuta hicho kigoda. Najua una vipindi vya kufundisha huko chuoni Chimwaga na muda wako ni wa kubana, lakini leo utanisikiliza mpaka mwisho. Jumapili iliyopita ulisema neno hapa mezani kwangu, kikombe cha chai kikanidondoka, nawe ukadhani ni uzee. Haukuwa uzee. Nilishtuka, na sababu nitakwambia nikifika mahali pake.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimeolewa Kibaigwa, kabla hatujahamia huku mjini, kazi yangu kupepeta mahindi na kushona magunia sokoni. Hapo hapo sokoni ndipo nilipookoka, kwenye mkutano wa injili uliofanyika uwanjani nyuma ya maghala. Siku ile siisemi vibaya. Niliacha ugomvi na wifi zangu, niliacha kusengenya, kwa muda kidogo, na mpaka leo nasali katika dhehebu lile lile ambalo wewe na dada yako Neema mmelelewa. Tatizo langu lilikuwa pupa. Niliyajua maandiko matatu nikajiona nimeyamaliza yote.

Mama yangu alikuwa Mkatoliki, kama nami nilivyobatizwa mdogo nikaitwa Yustina. Alikuwa na sanamu ya Bikira Maria, ya plasta, kimo chake kama chupa ya chai, vazi la buluu lililopauka na pua iliyomegeka kidogo. Aliiweka kwenye shubaka alilolichimba mwenyewe katika ukuta wa tembe letu. Vumbi la Ugogo unalijua, halichagui nyumba. Basi kila Jumamosi mama aliishusha sanamu ile akaifuta kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso, kisha jioni akachukua rozari yake akasali. Nilikua nikiyaona hayo. Sikumuuliza hata siku moja kwa nini anaipenda. Hilo liweke akilini, mwanangu, tutalirudia.

Siku ile mama alikuwa shambani. Nikaitoa sanamu kwenye shubaka, nikatoka nayo uani. Nikatafuta mahali pagumu nikaliona jiwe lake la kusagia, jiwe alilonisagia uji tangu nilipokuwa sijaota meno. Nikaipiga hapo huku nikiomba kwa sauti kubwa, ili majirani wasikie kwamba nyumba hii inakombolewa. Ilivunjika kwa pigo la tatu. Majirani walisimama kwenye ua wa miiba wakatazama.

Mama akaja, kikapu cha masuke kichwani. Nikamwambia, "Mama, leo nimekuweka huru." Nilitegemea atalia, au atachukua fimbo. Hakufanya hata moja. Alikitua kikapu, akaingia ndani, akatoka na ungo, akapiga magoti pale kwenye jiwe akaanza kuokota vipande. Aliokota vikubwa, akaokota na vidogo, mpaka vile vya ukubwa wa punje ya uwele. Akaupeleka ungo ndani. Kisha akanawa mikono, akasonga ugali, akapika mlenda, akaniwekea mbele yangu.

"Kula, Yustina," akasema. "Umetoka mbali."

Nami nilikula, mwanangu. Nilikula nikashiba, nikanawa, nikaomba maji ya kunywa. Kuvunja ile sanamu kunaniumiza, lakini ule ugali kushuka kooni bila kukwama ndio unaonitisha mpaka leo. Mtu anaweza kuwa na moyo mgumu namna gani, naye anaamini amejazwa Roho?

Niliporudi Kibaigwa nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Watu wakapiga makofi, nami nikajipendeza nafsini mwangu. Lakini hazikupita wiki nyingi, wachuuzi wa samaki wa Mtera wakaniletea habari. Mama amechukua udongo wa kichuguu, udongo ule ule tunaokandikia nyumba, ameunga vipande kimoja kimoja na kuirudisha sanamu kwenye shubaka, mistari ya udongo mwekundu ikiwa imeizunguka mwili mzima. Badala ya kumwonea huruma mwanamke mzima aliyekaa siku nyingi anaunga vipande, nilikasirika. Nikaapa mbele ya mume wangu kwamba sitakanyaga pale maadamu ile sanamu ipo. Wahenga walisema hasira hasara, lakini anayekasirika kwa ajili ya Mungu hadhani methali hiyo inamhusu.

Miezi minane ikapita. Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeshika, dereva mmoja aliyekuwa akileta samaki wakavu akanikuta sokoni nimekaa na sindano yangu, nashona gunia. "Dada Yustina," akaniambia, "mama yako anaumwa. Anasema uje, ana neno lako."

Sikuinua hata kichwa. Nikavuta uzi, nikasema, "Mwambie akiliondoa hilo sanamu, nitakuja siku hiyohiyo."

Sasa umeelewa kwa nini kikombe kilidondoka? Jumapili nilikuuliza kama utakwenda Kibaigwa kwenye ubatizo wa mtoto wa Neema. Ukafuta mdomo ukasema, "Mama, Neema akiiondoa ile picha ya Maria ukutani kwake, nitakwenda siku hiyohiyo." Habari hii sijawahi kukusimulia, wala dada yako, wala marehemu baba yenu hakuijua yote. Neno lile lile, kwa mpangilio ule ule, kwa sauti ile ile isiyo na wasiwasi. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako.

Siku ya tisa yule dereva akarudi. Safari hii alivua kofia kabla hajafika nilipokaa, na nilipoiona ile kofia mkononi mwake nikajua. Barabara ilikuwa imekatwa na maji ya korongo, tukalala njiani, nikafika wamekwisha kumzika jana yake. Nilikuta tuta la udongo mbichi, msalaba wa mti, na shada la maua ya porini limeshanyauka. Wanawake waliniachia nafasi kwenye mkeka. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Shangazi yangu alinifunika kanga mabegani akaniambia pole, na pole ile iliniumiza kuliko matusi.

Siku ya tatu ndiyo ya kuanua tanga. Hapa nisimame kidogo, maana ninyi mliokulia mjini utani mnaujua wa kuchekeshana kwenye simu tu. Sisi Wagogo na Wahehe ni watani tangu mababu zetu walipochoka kupigana. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anaweza kuficha mwiko ugali ukiwa jikoni, anaweza kulala njiani kuzuia wachimba kaburi, anaweza kuvaa nguo za marehemu akatembea kama yeye, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Kazi yake ni kuwafanya wafiwa wacheke kabla huzuni haijawaua. Kwetu mtani huyo alikuwa Mama Vumilia, Mhehe aliyetoka ng'ambo ya bwawa la Mtera, muuza samaki, jirani na rafiki wa mama yangu kwa miaka mingi.

Ilikuwa kama saa saba mchana, chakula kinapakuliwa. Mlango wa tembe ukafunguliwa akatoka mama yangu.

Nakueleza nilivyoona. Alikuwa amevaa kanga zake mbili, ile ya kahawia kiunoni na ile ya maua mabegani. Kilemba amekifunga chini ya sikio la kulia, alivyokifunga yeye peke yake kijiji kizima. Fimbo mkononi, mguu wa kushoto unaburuzika kidogo kama wa mama. Akasimama, akakohoa mara mbili kama mama alivyokohoa kabla ya kusalimia watu, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi. Mmeshasonga ugali mbichi tena?"

Wanawake wakaangua kicheko. Wengine walicheka huku machozi yanawatiririka, maana ilikuwa ni yeye kabisa, sauti yake, kulalamika kwake, jicho lake la kukagua sufuria. Nami nilijua, mwanangu. Akili ilijua kwamba yule ni Mama Vumilia. Lakini magoti hayakusubiri akili. Niliruka mkeka, nikapita katikati ya vyungu, nikajitupa miguuni pake, nikaikumbatia ile kanga. Ilinukia moshi na mafuta ya karanga, harufu ya mama. Nikaibusu upindo wake mbele ya watu wote. "Mama, nisamehe," nikawa nasema. "Mama, nipe radhi. Nipe radhi, mama."

Kicheko kikakatika. Nilihisi mkono kichwani, kisha nikasikia sauti, na sasa haikuwa ya mama. Ilikuwa ya Mama Vumilia mwenyewe.

"Wagogo ninyi," akasema, "hata msibani lazima muombe."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Kuombaomba ndio utani wanaotutania Wahehe siku zote, na siku nyingine ningemjibu kwa habari ya mbwa wanaoliwa kwao. Lakini nilipoinua uso hakuwa anacheka.

"Yustina," akasema, "mama yako yuko kule kwenye udongo. Mimi ni Mhehe wa samaki. Ulichokishika ni kitambaa. Mbona unakipigia magoti?"

Niliitazama mikono yangu imeng'ang'ania upindo wa kanga, nikataka iachie, haikuachia. "Sikipigii magoti kitambaa," nikasema. "Namwomba mama."

"Ehe," akasema Mama Vumilia. "Na yeye ndivyo angekujibu, kama ungemuuliza."

Mwanangu, nimehubiriwa na wahubiri wengi tangu siku hiyo, wenye vipaza sauti na wasio navyo. Hakuna aliyenipiga kama mwanamke yule aliyevaa kanga ya marehemu. Akakivua kilemba, akakaa chini kwenye vumbi kando yangu, akanishika bega. Watu wakarudi polepole kwenye chakula, wakajifanya hawasikii.

"Unamkumbuka mdogo wako Petro?" akaniuliza.

Nilimkumbuka kwa mbali. Alikufa kwa surua mimi nikiwa na miaka minne.

"Siku alipozikwa, sista mmoja wa zahanati alikuja na ile sanamu akampa mama yako. Akamwambia, huyu naye alimzika wa kwake. Basi. Ndiyo habari yote. Kila jioni mama yako alikuwa anakaa na mwanamke mwenzake aliyefiwa, wanamwomba Mungu pamoja. Wewe ukaona anaabudu plasta."

Miaka ishirini na miwili shubaka lile lilikuwa nyumbani kwetu, na neno moja la "kwa nini, mama" lilinishinda. Nilifikiri hilo ndilo kubwa alilokuwa nalo la kuniambia. Halikuwa hilo.

"Na ujumbe wako ulifika," akasema. "Dereva aliupeleka kama ulivyomtuma. Mama yako akaniita. Akaniambia, Mama Vumilia, ichukue hiyo sanamu kaiweke kwako. Mtoto akija asiikute. Nikamwambia, dada, si umeiunga kwa mikono yako? Akasema, ichukue. Ile ni sanamu. Yule ni mwanangu."

Akafuta pua kwa ncha ya kanga ya mama.

"Niliiondoa siku hiyohiyo. Tukatafuta wa kukuletea habari, magari hayapiti, korongo limejaa. Kila akisikia mngurumo barabarani alikuwa anauliza, ni lori la Kibaigwa? Siku ya nne akaacha kuuliza."

Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa ambayo mpaka leo haijaniisha yote. Sikulia. Miezi minane nilikuwa nimesimama kanisani nikisema mama yangu anaipenda sanamu kuliko Mungu. Naye alipoambiwa achague, hakuhitaji mahubiri wala maombi ya kufunga. Aliitoa kwa neno moja, akalala akitazama shubaka tupu, akinisubiri mimi. Aliyeshindwa kuiachia ile sanamu nilikuwa mimi. Ndani ya moyo wangu ilikuwa kubwa kuliko mama aliyenizaa. Sasa niambie wewe uliyesoma, nyumba ile mwabudu sanamu alikuwa nani?

Nikamuuliza, "Alikuwa na neno gani?"

"Hakuniambia. Alisema ni lako."

"Basi niambie tu kwamba amenipa radhi. Wewe ni mtani. Umevaa nguo zake. Sema tu."

Mama Vumilia alinishika mkono. Najua alitaka kusema, machozi yalikuwa yamemlenga. "Siwezi, Yustina," akasema. "Kuvaa kanga yake naweza, na kukohoa kama yeye naweza. Kukupa neno ambalo hakunipa, hapo utani unaishia."

Jioni yake, kabla sijaondoka, aliniletea kifurushi. Ile kanga ya maua, na ndani yake sanamu, mistari ya udongo wa kichuguu ikiwa imekauka vizuri. Lile sanduku la bati chini ya kitanda changu, ambalo ninyi mlipokuwa wadogo niliwachapa kwa kuligusa, humo ndimo ilimo. Mlidhani naficha nini?

Usinielewe vibaya, maana nakujua, utataka kuniuliza kama mama yako amegeuka. Sijageuka. Sijawahi kuwasha mshumaa mbele yake wala kuipigia goti. Hoja zako zote juu ya ile amri ya kutojifanyia sanamu nazijua, nyingi nilikufundisha mwenyewe kwenye shule ya Jumapili, na nyingine mpaka leo naona zina uzito. Mimi na Neema tumebishana juu ya Maria tangu alipoolewa kwa Wakatoliki, juzi tu tumebishana huku tunamenya viazi jikoni kwake. Tunabishana, tunakula, namwosha mtoto, nalala hapo. Ubishi haujawahi kuua undugu. Kinachoua ni lile neno dogo "akiondoa." Ukishaliweka mlangoni kwa ndugu yako, siku atakapoondoa unaweza usiwe na muda wa kufika.

Basi nasaha yangu ni hii, na siipambi. Usimhukumu mtu kwa kitu ulichokikuta ukutani kwake kabla hujamuuliza kwa nini anakipenda, na ukiuliza, usikilize jibu kana kwamba huna la kwako mfukoni. Usivunje kwa mkono kile ambacho mwenzio anaunga kwa machozi. Kama una hoja, ipeleke mezani mkiwa mmeshanawa, wala usiitume kwa dereva wa lori. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimejikwaa ulimi mara moja tu, sokoni, na sindano mkononi. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Wa kwangu nimemlea zaidi ya miaka thelathini na hakui akahama.

Kwenye ubatizo nitakwenda. Nitalibeba na lile sanduku, nimpe Neema kifurushi cha bibi yake, maana katika nyumba zetu mbili ya kwake ndiyo yenye mahali pa kukiweka. Wewe ukitaka, tutapanda basi pamoja. Usipotaka, sitakulazimisha.

Lakini sogea karibu, inamisha kichwa. Mungu wa mama yangu, ambaye ndiye Mungu wangu, akulinde utokapo na uingiapo. Akupe mvua kwa wakati wake, akupe na watoto watakaokuuliza kabla hawajavunja. Mimi Yustina, mama yako, nimekupa radhi, leo, nikiwa mzima na akili zangu, uende Kibaigwa au usiende, uikubali picha ya dada yako au uikatae mpaka kufa. Sikuwekei sharti. Mama yangu alikuwa na neno langu akazikwa nalo. La kwangu umelisikia.